Nia Mbili si Udanganyifu

Wahenga walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hiyo ina hekima yake, lakini imewapotosha baadhi ya wananchi wanaotaka kuungana na waume au wake zao walioko Kanada. Mwalimu ambaye mumewe ni mkazi wa kudumu wa nchi hiyo, naye mwenyewe amepata mwajiri huko, huambiwa na wanaojifanya wajuzi kwamba achague moja: ama adhaminiwe na mumewe, ama aombe kibali cha kazi. Wengine huthubutu kumshauri jambo baya zaidi, yaani aombe kibali cha kazi na kuificha ndoa yake.

Ushauri huo ni wa upotofu, na hapana budi upingwe.

Sheria ya Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi ya Kanada ya mwaka 2001, katika kifungu cha 22, inatamka wazi kwamba nia ya mgeni kutaka ukazi wa kudumu haimzuii kuingia nchini humo kwa muda, ilimradi ofisa aridhike kwamba ataondoka muda wake utakapokwisha. Kwa hiyo maombi hayo mawili yaweza kwenda sambamba, na kila moja hupimwa kwa kipimo chake. Katika udhamini huulizwa kama ndoa ni ya kweli na kama mdhamini anastahili. Katika kibali cha kazi huulizwa habari za ajira, ujuzi wa mwombaji, na kama ataitii tarehe ya kuondoka iwapo ombi la ukazi halikufanikiwa.

Swali hili la mwisho ndilo gumu. Ofisa ana haki ya kutia shaka kwamba mke atarudi nyumbani hali mumewe amebaki huko, na anaweza kukataa. Sheria haikutoa ahadi. Imetoa nafasi ya kusikilizwa. Nafasi hiyo hutumiwa kwa vielelezo, kama vile barua ya likizo bila malipo, watoto au wazazi wanaomtegemea mwombaji, na maelezo ya kweli yasiyopingana.

Kuna wanaouliza: ya nini taabu yote hiyo? Jibu lake ni utu wa mfanyakazi. Kibali kinachomfunga mtu kwa mwajiri mmoja humfanya anyamaze anapoonewa, kwa hofu ya kupoteza kazi na kibali pamoja. Udhamini nao una hatari yake, kwa sababu mdhamini anaweza kuuondoa kabla ukazi haujatolewa. Kanada yenyewe iliuona ubaya wa utegemezi wa namna hii. Sharti lililowekwa mwaka 2012, la baadhi ya wenzi waliodhaminiwa kuishi na wadhamini wao kwa miaka 2, lilifutwa mwaka 2017, baada ya kuonekana kwamba liliweza kuwafunga wanaoteswa ndani ya ndoa. Mwenye njia mbili halali hatishwi kirahisi na mwajiri wala na mwenzi.

Lakini njia mbili zahitaji ukweli mmoja. Majalada hayo mawili husomwa na serikali ile ile. Aliyejiita mseja katika moja na mke wa mtu katika jingine amejifungia mlango mwenyewe, kwani kifungu cha 40 cha sheria hiyo humzuia mtoa habari za uongo kwa miaka 5. Njia ya mwongo ni fupi.

Mtumishi anayekusudia safari hiyo na aanze nyumbani. Cheti chake cha ndoa, jalada lake la utumishi na fomu zake za uhamiaji vitaje jina moja, tarehe moja na ndoa moja. Kuwa na nia mbili si kosa. Kosa ni kuificha mojawapo.