Kata Kushoto kwenye Kuku

Nilipoomba makala za toleo hili kuhusu majengo ya vituko kando ya barabara za Marekani, nusu ya waandishi walinirudishia ubishi uleule wa bata na banda, yaani jengo lenye umbo la kitu na jengo la kawaida lililobandikwa bango, kana kwamba tangu Venturi, Scott Brown na Izenour watoe kitabu chao Learning from Las Vegas mwaka 1972 hakuna mtu aliyeshuka garini akatazama. Basi, tumesikia. Bata wa Long Island wa mwaka 1931 amenenwa hadi manyoya yamemwisha.

Mimi nina kuku, umbo kubwa lililojengwa kwenye mkahawa. Yuko Marietta, Georgia, pale Cobb Parkway inapokatana na Roswell Road, tangu 1963: urefu wa mita 17 hivi, mdomo unaofunguka na kufungika, macho yanayozunguka. Wasomi humwita tangazo, na hapo ndipo wanaponiudhi. Bango lina uso na kisogo. Linamhudumia dereva wa upande mmoja, wengine wanaona mbao na misumari. Penye njia panda magari yanatoka pande nne, na yanatoka kwa kasi. Umbo lililosimama peke yake linatambulika kutoka kokote, hata na asiyejua kusoma. Donati kubwa ya juu ya duka la Inglewood, ya mwaka 1953, pamoja na sifa zote inazomwagiwa, haifui dafu hapa: itazame ubavuni, utaona nguzo nene tu.

Ndiyo maana dhoruba ilipomjeruhi kuku mwaka 1993 na ikasemwa abomolewe, waliopiga kelele hawakuwa walaji peke yao. Marubani nao walilalamika, kwa kuwa walimtumia kama alama ya njia. Akajengwa upya. Mkazi wa Mombasa aliyezoea kuwaelekeza wageni kwa Mapembeni, penye yale mapembe makubwa ya ndovu, hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Ni maprofesa wanaohitaji.

Makala ya kituo cha mafuta cha Fiat Tagliero, ingawa kiko Asmara, ni nzuri, na picha zake ni nzuri zaidi. Ile ya sheria za uhifadhi isomeni mkiwa na kahawa.

Makala ya nne inadai jengo lisihifadhiwe mpaka lithibitishwe kuwa ni kazi ya msanifu mwenye jina. Kuku wa Marietta alichorwa na mwanafunzi wa Georgia Tech. Nimeichapa bila kugusa hata nukta, na picha ya kuku nimeiweka ukurasa unaoitazama.