Mashini Isianze Kabla Kompyuta Haijamaliza



Mara nyingi ukurasa huu unasema juu ya kaske, viatu vya kazi, miwani na mikanda. Vitu hivyo vinaonekana kwa macho, na mkubwa wa kazi akipita anajua mara moja nani amevaa na nani hakuvaa. Leo tunasema juu ya hatari ambayo mkubwa wa kazi akipita haioni. Ni hesabu inayofanyika ndani ya kompyuta, ile tunayozoea kuita ordinatere, wakati mtu anafikiri kwamba imekwisha pumzika.

Mtu mmoja atauliza: mambo ya ofisi yanaingia namna gani katika ukurasa wa usalama? Jibu ni fupi. Chuma kinachozunguka katika atelie kinafuata hesabu ile. Hesabu ikiwa mbaya, chuma kinakwenda pabaya, na mbele ya chuma kile amesimama mtu mwenye mikono na macho.

Tuanze na kazi yenyewe. Pompi ya mgodi imeharibika, gurudumu lake la ndani limeliwa na maji na mchanga. Atelie inapaswa kutengeneza pyesi mpya. Zamani fundi alishika usukani wa mashini yeye mwenyewe, akapima na kukata. Mwaka 1952, kule Marekani, chuo cha MIT kilionyesha mashini ya freze iliyofuata namba zilizotobolewa katika ukanda wa karatasi. Tangu siku ile kazi imebadilika. Leo mtu wa programu anachora pyesi ndani ya kompyuta, anachagua kisu cha kukatia, kiisha kompyuta inahesabu njia ambayo kisu kitafuata: shuka hapa, zunguka pale, panda, rudi. Njia ile inaandikwa katika mistari mingi ya amri, pengine maelfu na maelfu. Mashini inaisoma na kutii. Mashini haiulizi kitu.

Kuhesabu njia ya pyesi yenye mabawa yaliyopinda si kazi ya dakika moja. Zamani mtu aliamuru hesabu, kiisha alikaa kuangalia kioo mpaka mwisho. Hakuweza kufanya kitu kingine. Lakini tangu mwaka 2005 hivi, kompyuta za kununua madukani zilianza kuwa na mioyo miwili, baadaye minne, minane na zaidi. Kwa hiyo programu kama Mastercam na nyingine za namna hiyo zinagawanya hesabu kwa mioyo ile, na hesabu inaendelea nyuma ya kioo wakati mtu anachora kitu kingine. Kuna dirisha dogo linaloonyesha orodha: hesabu gani inangoja, gani inaendelea, gani imekwisha.

Mama wa nyumba wanaelewa jambo hili kuliko sisi. Mama mwenye mbabula mbili anapika sombe kwenye moja na maji ya bukari kwenye nyingine. Chakula kinatoka upesi. Lakini hata akiwa na mbabula kumi, hawezi kutia unga kabla maji hayajachemka. Ndivyo ilivyo katika kompyuta. Kisu kidogo kinachokwenda kusafisha pembe kinapaswa kujua kisu kikubwa kimeacha chuma wapi. Hesabu ya pili inangoja ya kwanza. Ukiilazimisha itangulie, itafanya kazi kwa chuma cha kuwaza tu.

Kwa sababu hiyo, wakubwa wanaofikiri kwamba kompyuta mpya itamaliza kusubiri wafanye hesabu kidogo. Tuseme kazi nzima inachukua dakika 60 kwa moyo mmoja, na katika hizo dakika 15 haziwezi kugawanywa. Kwa mioyo 8, zile dakika 45 zinazobaki zinakuwa karibu 6. Jumla ni kama dakika 21. Na hata ukinunua kompyuta ya mioyo 100, hutashuka chini ya zile 15. Mtaalamu Gene Amdahl wa Marekani alieleza jambo hili tangu mwaka 1967. Kusubiri kutabaki, basi tukupangie nafasi yake katika saa za kazi.

Sasa tutaje hatari zenyewe, moja moja.

Ya kwanza ni faili ya zamani. Jana mtu alitoa programu ya pyesi, ikawekwa ndani ya faili yenye jina fulani. Leo amebadilisha urefu wa kisu na kuamuru hesabu mpya. Hesabu ingali inaendelea nyuma ya kioo. Mtu wa mashini anakuja, anaona jina analolijua, anachukua faili na kwenda. Amechukua amri za jana kwa kisu cha leo. Kisu kikiwa kirefu zaidi, na kipimo chake kipya hakikuandikwa katika mashini, kitaingia katika chuma au katika viti vinavyoshika pyesi.

Ya pili ni kubadilisha mchoro wakati hesabu inatembea. Mtu anaongeza tundu au ukuta mdogo, akifikiri kompyuta itaona. Pengine itaona, pengine hesabu iliyokwisha anza itaendelea na mchoro wa zamani. Programu nyingi zinatia alama juu ya kazi ambayo haifuati tena mchoro. Lakini alama ni dogo, na mtu aliyechoka haangalii alama dogo.

Ya tatu ni kuzidisha mzigo. Mtu anaamuru hesabu kumi kwa mara moja. Nafasi ya kumbukumbu ya kompyuta inajaa, kompyuta inaanza kuandika kwenye diski, na kila kitu kinakuwa kizito. Kioo kinasimama. Mtu anakasirika, anabonyeza tena na tena. Kila kubonyeza kunaweza kuwa amri mpya. Kiisha kioo kinapofunguka, hajui tena ni hesabu gani ya mwisho.

Ya nne tunaijua sisi sote: umeme kukatika. Faili iliyokuwa inaandikwa inabaki nusu. Umeme ukirudi, faili ipo, jina lipo, lakini mwisho wake haupo.

Mtu wa ofisini anaweza kusema: basi pyesi itaharibika, tutakata nyingine. Asimame siku moja karibu na mashini. Mashini nyingi za leo zinatembeza meza au kichwa chake kwa metre 20 mpaka 40 kwa dakika moja. Kwa metre 30, hiyo ni nusu ya metre katika sekunde moja. Kabla mkono haujafika kwenye kifungo chekundu, kisu kimekwisha gonga. Kisu cha kabidi ni kigumu lakini kinavunjika kama kioo, na vipande vyake vinaruka kwa nguvu kubwa. Mlango ukiwa umefunguliwa, vinatafuta uso wa mtu.

Kuna funzo moja ambalo ulimwengu ulilipata kwa bei ya uchungu. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, kule Marekani na Kanada, mashini ya kutibu kansa kwa mionzi, jina lake Therac-25, iliunguza wagonjwa 6 kwa mionzi mingi kupita kiasi. Wengine wao walikufa. Programu ya mashini ile ilifanya kazi nyingi kwa wakati mmoja. Mtumishi aliandika amri, akaona amekosea herufi, akarekebisha upesi sana. Nyuma ya kioo mashini ilikuwa inapanga sumaku zake, kazi ya kama sekunde 8. Marekebisho yakifanyika na kumalizika ndani ya sekunde zile, sehemu moja ya programu haikuyaona. Kioo kilionyesha amri mpya, lakini mashini haikupangwa sawasawa na amri ile. Mtumishi yule hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa na haraka kwa sababu alizoea kazi yake.

Tena sikilizeni jambo la pili la Therac-25. Mashini iliyotangulia, Therac-20, ilikuwa na vizuizi vya chuma na vya umeme vilivyozuia mionzi wakati mpango si sawa. Katika mashini mpya waliviondoa, wakaamini programu peke yake. Mtu anayefunga kizuizi cha mlango wa mashini kwa waya kusudi mlango ubaki wazi anafanya jambo lile lile. Anaamini kwamba hesabu haikosi hata siku moja.

Najua maneno watakayosema vijana waliosoma: programu nzuri inakataa kutoa amri kama hesabu haijaisha. Ni kweli kwa programu fulani, na tunashukuru. Lakini programu haiwezi kumzuia mtu kuchukua faili ya jana. Haiwezi kujua kwamba kisu kilichofungwa katika mashini si kile kilichoandikwa katika orodha. Hapo anahitajiwa mtu.

Najua vilevile maneno ya wakubwa: pompi imesimama, maji yanapanda, hatuna saa moja ya kungoja kompyuta. Neno hili ni zito, sitalidharau. Watu wa Kipushi wanakumbuka mwaka 2011, pompi ziliposhindwa na maji yakapanda ndani ya mgodi. Pyesi ya pompi inaweza kuokoa mgodi mzima. Lakini kwa sababu hiyo hiyo nasema tusikimbie. Kisu kikigonga, tunapoteza kisu, pyesi, na pengine kichwa cha mashini chenyewe. Hapo tutangoja majuma, pahali pa dakika 20. Mwenda pole hajikwai.

Kwa maoni yangu, kila atelie yenye mashini za namna hii iandike sheria hizi na kuzitundika ukutani, karibu na kompyuta na karibu na mashini:

1. Hakuna faili inayotoka kwenda kwenye mashini kama katika orodha ya hesabu ya pyesi ile kuna kazi moja inayongoja au inayoendelea.

2. Hesabu ikianza, mchoro hauguswi. Ukitaka kubadilisha, simamisha hesabu kwanza, badilisha, kiisha anza upya.

3. Kila faili mpya inapata namba mpya na tarehe. Faili za zamani zinaondolewa kwenye mashini, zinatunzwa pahali pengine.

4. Hesabu ndefu ipewe nafasi yake, usiku au wakati wa chakula, na kazi ya haraka itangulizwe katika orodha. Usipakie kumi pamoja. Na kompyuta iwe na betri ya kuishika umeme ukikatika.

5. Kabla ya kukata, mtu wa programu na mtu wa mashini wasome pamoja: jina, tarehe, visu, na mstari wa mwisho. Katika mashini nyingi programu nzima inamalizika kwa amri M30. Kama mwisho haupo, faili ni nusu. Irudishwe.

6. Safari ya kwanza ifanyike hewani, juu ya pyesi, mstari kwa mstari, mwendo ukipunguzwa, mlango umefungwa, miwani machoni.

Naongeza neno moja kwa wakubwa. Mtu wa programu akisema "bado", msimwite mvivu. Anaonekana amekaa bure mbele ya kioo, lakini anangoja kama vile mtu wa baruti anavyongoja dakika zake kabla ya kurudi penye mwamba. Hakuna mkubwa anayemsukuma mtu wa baruti. Mpeni huyu heshima ile ile, na andikeni muda wa hesabu katika mpango wa kazi kusudi asilazimike kuuiba.

Na kwenu mama wa nyumba: bwana anayefanya kazi hii anaweza kurudi bila tope na bila jasho, mkafikiri hakufanya kitu. Kichwa chake kimechoka. Aliyelala vibaya ndiye asiyeona alama dogo kwenye kioo. Mwacheni alale vizuri kabla ya posti ya usiku. Na simu ya habari zisizo za haraka ingoje mpaka atoke kazini.

Ndugu watumishi, zamani tulifundishwa tusiingie chini ya mwamba kabla mtu hajaugonga na kusikiliza sauti yake. Kompyuta nayo tuigonge namna hiyo: tufungue orodha, tuangalie kama imekwisha kweli, kiisha ndipo tubonyeze kifungo cha kijani.