Kipimo cha zebaki kinachong'aa kisiishie maabara

Mkulima wa mboga anayemwagilia bustani yake chini ya mwalo wa kuchenjulia dhahabu, iwe Geita, Kahama au Chunya, hana namna ya kujua kama maji anayochota yana zebaki. Zebaki iliyoyeyuka majini haina rangi wala harufu. Akitaka uhakika, lazima ajaze chupa, aisafirishe hadi mjini kwenye maabara yenye mashine ya kupima metali, alipie, kisha asubiri. Wengi hawafanyi hivyo, na si kwa uzembe. Nyanya zilizoiva hazisubiri majibu.

Matokeo yake ni kwamba soko huamua kwa uvumi. Mtu mmoja akisema kwamba mchicha wa bonde fulani umemwagiliwa maji ya machimbo, mzigo wa bonde zima hudoda, na hakuna mwenye karatasi ya kumjibu.

Wafanyabiashara wa samaki wanaikumbuka hali hiyo. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria baada ya kuenea taarifa kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakitumia sumu za kuulia wadudu kuvulia. Waliotumia sumu walikuwa wachache, lakini hasara iliwafikia wavuvi, wachuuzi na wafanyakazi wa viwanda Kenya, Uganda na Tanzania. Kilichokosekana wakati huo ni uwezo wa kupima na kuonyesha majibu. Kuhusu zebaki, tafiti zilizofanywa kuanzia miaka ya 1990 ziliwakuta sangara wengi wa ziwa hilo wakiwa chini ya kikomo cha miligramu 0.5 kwa kilo. Hiyo ni habari njema kwa mchuuzi, na imepatikana kwa sababu tu kuna watu waliopima.

Sasa ipo njia ya kupima ambayo haihitaji mashine kubwa kwa hatua ya kwanza. Wanakemia wamekuwa wakitengeneza polima, yaani jamii ya plastiki, inayong'aa ikimulikwa taa ya urujuanimno, ile ile ya bluu ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia. Polima hiyo huumbwa kuwa chembe ndogo mno, nyingi zikiwa na upana wa nanomita zisizofika 100, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chembe hizo zikitiwa katika maji safi na kumulikwa, maji yote huonekana kama yanawaka.

Juu ya chembe hizo hupachikwa viungo vya kemikali vyenye tabia ya kukamata metali fulani. Kwa zebaki mara nyingi hutumika viungo vyenye salfa, kwa kuwa zebaki na salfa hushikana sana. Ayoni ya zebaki, yaani chembe ya zebaki iliyoyeyuka na kubeba chaji ya umeme, ikinaswa hapo, nishati ambayo ingetoka kama mwanga hupotelea kwake na mng'aro hufifia. Kadiri zebaki inavyoongezeka ndivyo mwanga unavyopungua. Zipo pia chembe za namna nyingine ambazo huwa giza kwanza, zikawaka metali inapofika.

Kwa nini polima na si rangi ya kawaida? Mwaka 1995 Timothy Swager na Qin Zhou wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani walionyesha kwamba katika polima za aina fulani nishati husafiri kwenye mnyororo mzima, hivyo kitu kimoja kikinaswa mahali pamoja huzima mwanga wa sehemu kubwa. Ni kama taa za mapambo ya harusi zilizofungwa kwa mfululizo: moja ikiungua, mstari mzima unazimika. Hapo ndipo unapopatikana uwezo wa kuona kiasi kidogo sana. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walieleza chembe za polima zinazotambua shaba na chuma kwenye maji, na tangu hapo zimefuata kazi nyingi kuhusu zebaki, risasi na metali nyingine. Baadhi ya watafiti wamepaka polima hizo kwenye vipande vya karatasi na kusoma mwanga kwa kamera ya simu.

Uwezo huo mkubwa unahitajika kweli. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.006 za zebaki kwa lita ya maji ya kunywa. Katika tangi la lita 1,000 hizo ni miligramu sita tu, ambazo hazifikii nusu ya uzito wa punje ya mchele.

Hata hivyo, asije mtu akaanza kuuza vikaratasi hivyo mnadani kesho. Kazi nyingi za aina hii bado zimo katika majarida ya kitaaluma, na zilijaribiwa kwa maji yaliyosafishwa au yaliyoongezwa zebaki kwa makusudi. Maji ya mto ulio chini ya karasha ni mambo mengine. Yana tope linalozuia mwanga, yana chuma na shaba ambazo nazo zinaweza kuzima mng'aro, na uchachu wake hubadilika. Kipimo kinaweza kusema kuna zebaki kumbe ni shaba, au kikanyamaza wakati zebaki imeganda kwenye tope.

Hilo la tope lina uzito wa pekee. Kipimo cha ayoni huona kilichoyeyuka. Zebaki ya mchimbaji hutumbukia kama metali na kujichanganya na marudio, ambako vijidudu huweza kuigeuza kuwa zebaki-methili, sumu inayojikusanya ndani ya samaki. Ndiyo sumu iliyowaangamiza watu wa Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956. Kwa hiyo mchuuzi akiambiwa kwamba samaki wake ni salama kwa sababu maji ya ziwa yaling'aa vizuri, hajaambiwa kitu. Samaki hupimwa kama samaki, katika maabara.

Kwa mkulima wa kahawa swali ni jingine, na pengine ndiyo sehemu rahisi ya kuanzia. Dawa zenye shaba, mrututu ukiwemo, zimepuliziwa mibuni ya Kilimanjaro na kwingineko kwa miongo mingi dhidi ya chulebuni na kutu ya majani. Shaba haiozi, hubaki udongoni. Mmea unaihitaji kidogo, ikizidi hudhuru mizizi. Kipimo cha bei nafuu cha shaba kwenye maji yaliyochujwa kutoka udongoni kingemsaidia ofisa ugani kuchagua shamba lipi lipelekewe maabara kwanza, badala ya kukisia.

Umuhimu wa kupima papo hapo ulionekana Zamfara, Nigeria, mwaka 2010. Mawe ya dhahabu yenye risasi yalisagwa kwa mashine za unga, mengine ndani ya nyua za nyumba, na watoto wasiopungua 400 walifariki. Wataalamu walipofika waliamua ua upi usafishwe kwa kutumia vifaa vya mkononi vya mionzi ya X. Vifaa vya namna hiyo ni vya bei ambayo kata haiwezi kuimudu.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Mkataba huo unadai kupunguza matumizi ya zebaki kwa wachimbaji wadogo, na huwezi kusema umepunguza kitu usichokipima. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa kushirikiana na vyuo vikuu, inapaswa kuvijaribu vipimo hivi kwa maji halisi ya Geita na Chunya, sampuli ile ile ikipimwa pia kwa mashine kubwa, na kutangaza ni kipi kinakosea na kwa kiasi gani. Shirika la Viwango nalo liweke masharti kabla waagizaji hawajajaza maduka ya pembejeo kwa vipimo vyenye maandishi mazuri visivyothibitishwa na yeyote. Mkulima ameshauziwa mbegu feki na mbolea feki. Kipimo feki kingekuwa kibaya zaidi, kwa kuwa kingempa amani ya uongo.

Vitakavyofaulu vikae kwa ofisa ugani wa kata. Jibu la mwanga lichukuliwe kama dalili tu, na kila dalili mbaya ifuatwe na sampuli rasmi ambayo gharama yake haimwangukii mwenye bustani, kwani si yeye aliyemwaga zebaki. Mpaka maabara ithibitishe, jina la kijiji lisitajwe redioni.