Acheni kutupia kila kitu kwenye ViewBag!

Jamani walimu watarajiwa wenzangu, leo nina hasira. Kundi letu tunatengeneza tovuti kwa ASP.NET Core MVC ya kufundishia njia ya misafara, Bagamoyo mpaka Ujiji. Ukurasa wa Tabora unataka orodha tatu kwa mpigo: wageni (Burton na Speke 1857, Livingstone na Stanley pale Kwihara 1872), bidhaa, halafu wapagazi na watumwa. Sasa @model inapokea aina moja tu, jamaa yangu kaona njia ya mkato: nyingine zote ndani ya ViewBag. Kwenye kontrola kaandika Wapagazi, kwenye ukurasa kaita Wapagzi. Kompaila kimya! Na vile tulishaweka sharti la "kama si null", ukurasa ukafunguka safi kabisa. Wazungu wapo, pembe za ndovu zipo, waliozibeba hawapo. Tumegundua jana, leo tunawaonyesha kidato cha pili.

Eti "klasi ya ziada ni usumbufu". Usumbufu gani, bwana? TaboraViewModel, propati tatu, mistari sita basi. Ukikosea herufi, haikompaili. Hiyo ViewBag nimeshaifuta, anayenuna anune.