Chombo Chenye Kasoro Kina Faida Darasani

Wanachuo wengi, wanapojiandaa kufundisha somo la sauti, hutafuta chombo kitakachofanya kazi mara moja mbele ya darasa. Hofu yao twaielewa, kwani mwalimu mgeni hapendi kuaibika. Hata hivyo, twaona kwamba chombo kifaacho zaidi ni kile cha majaribio, ambacho bado kina kasoro na ambacho wanafunzi watakirekebisha wenyewe.

Tuchukue mfano wa spika ya nyumbani. Ndani yake mna koili ya waya iliyoshikizwa kwenye pia ya karatasi na kuzungukwa na sumaku. Mkondo wa umeme ukibadilika, koili husogea mbele na nyuma, nayo karatasi husukuma hewa. Rice na Kellogg wa Marekani walieleza muundo huo mwaka 1925, na spika nyingi zingali zikiundwa hivyo.

Mwanafunzi wa Bukundi, mkoani Simiyu, aweza kuitoa spika katika redio mbovu ya betri. Aiunge kwa nyaya mbili kwenye redio nzima ya betri, mahali pa spika yake. Redio ya umeme wa nyumba isifunguliwe kamwe. Sauti itatoka, lakini itakuwa nyembamba, na ngoma hazitasikika vema. Hapo mwalimu asiharakishe kueleza. Awaulize wanafunzi sababu, kisha wakate tundu katika kadibodi pana na kuibana spika hapo. Mara sauti nzito itaongezeka. Karatasi inaposukuma hewa ya mbele, huivuta ya nyuma. Wimbi la nyuma huzunguka ukingo na kulidhoofisha la mbele. Wimbi la mitetemo 100 kwa sekunde lina urefu wa mita 3.4 hivi, basi spika ndogo haiwezi kulizuia. Kadibodi husaidia kuyatenga mawimbi hayo.

Baada ya hapo wajenge sanduku la mbao. Likivuma kama debe tupu, walijaze pamba, zao ambalo Simiyu inalo kwa wingi. Wabadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, wasikilize, waandike.

Wako watakaosema kwamba mtihani hauulizi masanduku na kwamba muda hautoshi. Ni kweli muda ni mfupi. Lakini mtoto aliyekariri kuwa sauti ni mitetemo, bila kuigusa karatasi inayotetemeka, amejifunza sentensi tu. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alionya juu ya dhana kwamba maarifa yote ya maana hutoka vitabuni au kwa wasomi. Fundi redio wa kijijini naye astahili kualikwa darasani.

Kwa hiyo, wanachuo, iundeni spika hiyo mngali chuoni. Ile ya kwanza, itakayowaaibisha, msiitupe. Ipelekeni darasani, na swali lenu la kwanza liwe: ina kasoro gani?