Kumfungia Mwenye Njaa Njia ya Chakula

Mtume wetu (S.A.W.) ametupa habari ya mwanamke aliyetiwa Motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie, hata akafa. Basi ni nini hukumu ya anayewafungia watu?

Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa katika Bakool na Shabelle ya Chini, kusini mwa Somalia. Al-Shabaab, waliozishika sehemu hizo, walikana kuwa kuna njaa. Na mwezi wa Novemba wakayapiga marufuku mashirika 16 ya misaada. Na hao ndio wajiitao walinzi wa dini! Upande wa pili, sheria za Marekani juu ya ugaidi ziliwatia hofu watoaji, msaada ukapungua. Kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012 walikufa watu wapatao 258,000, na kama nusu yao ni watoto wasiotimiza miaka mitano.

Watetezi wao husema, "Msaada ule una ujasusi ndani yake." Haya, na tukubali: mchunguze aliyeuleta, lakini mtoto mwache ale. Suratul Insan yawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka. Na mateka wa vita ni nani ila adui? Ikiwa adui hulishwa, mtoto wa Kiislamu anyimwe kwa hoja gani?

Nawe usiseme, "Vita ni vyao wenyewe." Toa sadaka yako, kisha uliza imefika wapi. Na afungaye njia ya chakula, hata akivaa kilemba, usimwite mujahidi.