Dereva Amelalaje?
Tunakagua breki na matairi ya magari yanayotoka Arusha alfajiri kwenda Namanga au Ngorongoro, lakini ni nadra kumuuliza dereva amelalaje. Mtu akikoroma kwa kishindo tunasema kapata usingizi mnono. Sivyo, ikiwa pumzi inakatika katikati. Misuli ya koo hulegea, ulimi hurudi nyuma, njia ya hewa huziba kwa sekunde 10 au zaidi. Oksijeni hushuka, ubongo humshtua aliyelala, naye huvuta hewa kwa nguvu, kisha hulala tena bila kujua lolote. Wengine huzibwa hivyo zaidi ya mara 30 kwa saa. Huamka na kichwa kizito, presha ya baadhi yao haishuki hata kwa dawa, na mchana husinzia kwenye usukani. Unene na pombe ya usiku huchangia. Kwa watoto chanzo mara nyingi ni mafindofindo, na upasuaji huwasaidia wengi. Tiba kuu kwa watu wazima ni mashine inayosukuma hewa puani ili koo lisizibe, iliyoelezwa na Colin Sullivan na wenzake wa Sydney mwaka 1981. Ni ghali, tena inataka umeme usiku kucha, na hilo linaniuma. Lakini kupunguza uzito, kulala ubavu na kuacha pombe jioni hakuhitaji umeme. Mama unayesikia pumzi ya mumeo ikikatika, fuatana naye hospitali ukamweleze daktari wewe mwenyewe, maana yeye alikuwa amelala.